Usanifu wa majaribio ya kitakwimu katika upuliziaji wa tabaka kwa joto: kinga ya mitambo dhidi ya mchanga wa mito ya Morogoro

Kila masika, mito inayoshuka kutoka Milima ya Uluguru hubadilika rangi. Mgeta, Ngerengere na Ruvu yenyewe hubeba udongo wa miteremko, na maji yaliyokuwa maangavu wakati wa kiangazi huwa mazito na mekundu mwezi Aprili. Mwananchi huiona rangi hiyo na kuahirisha kufua nguo. Mhandisi wa mitambo huhofia zaidi kitu kisichoonekana kwa urahisi ndani yake, nazo ni chembe za madini ya kwatsi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa mtoni na ambayo ni magumu kuliko chuma kinachotengenezea pampu na mapanga ya turbaini.

Jambo hili si dogo kwa Mkoa wa Morogoro wala kwa Taifa. Mto Ruvu ndio chanzo kikuu cha maji ya Jiji la Dar es Salaam, kupitia mitambo ya Ruvu Juu yenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku na Ruvu Chini yenye uwezo wa lita milioni 270. Katika mto huohuo linajengwa Bwawa la Kidunda, litakalohifadhi takriban lita bilioni 190 na kufua umeme wa megawati 20. Nje ya Uluguru, lakini ndani ya mkoa au mipakani mwake, ipo mitambo ya kufua umeme wa maji ya Kidatu yenye megawati 204, Kihansi megawati 180, na Bwawa la Julius Nyerere lenye turbaini tisa na uwezo wa megawati 2,115. Viwanda vya sukari vya Kilombero, Mtibwa na Mkulazi navyo vina mchanga wao: muwa hutoka shambani ukiwa na udongo, na udongo huo husaga rola na visu vya kinu msimu mzima.

Njia mojawapo inayotumika duniani kupunguza uharibifu wa namna hii ni kupulizia juu ya chuma tabaka jembamba la kitu kigumu zaidi, kwa kutumia joto kali na mwendo wa kasi. Njia hiyo ina vigezo vingi vya kurekebisha, na kila jaribio lina gharama. Ndiyo maana wahandisi huitumia pamoja na elimu nyingine, usanifu wa majaribio ya kitakwimu, ambayo ilianzia katika mashamba ya utafiti kabla ya kuingia karakana.

Jinsi mchanga unavyokula chuma

Chuma cha pua kinachotumika sana kutengeneza magurudumu ya turbaini, chenye takriban asilimia 13 ya kromi na asilimia 4 ya nikeli, kina ugumu wa karibu 300 kwa kipimo cha Vickers. Kwatsi hufikia takriban 1,100 kwa kipimo hicho. Chembe moja haidhuru kitu, lakini mamilioni ya chembe zikipita kwa kasi kila saa, uso wa chuma hupata mikwaruzo, mikwaruzo huwa mawimbi, na mawimbi huvuruga mtiririko wa maji. Ufanisi hushuka, mtetemo huongezeka, na mwishowe mtambo huzimwa kwa matengenezo.

Kasi ndiyo yenye neno kubwa. Kwa makadirio yanayotumiwa na wahandisi, mmomonyoko wa chuma hupanda takriban kwa kipeo cha tatu cha kasi ya chembe. Maji yanayoporomoka kutoka kimo cha takriban mita 175, kama ilivyo Kidatu, yakiachiwa huru yangefikia kasi ya karibu mita 59 kwa sekunde. Kihansi, ambako kimo kinazidi mita 800, kasi hiyo hupita mita 125 kwa sekunde. Hiyo ni kasi iliyozidi maradufu, lakini kwa mchanga uleule na chuma kilekile nguvu ya kula ingekaribia mara kumi. Ni bahati njema kwamba maji ya Kihansi hutoka katika misitu ya Udzungwa ambayo bado inashikilia udongo wake.

Uluguru haikuwa na bahati hiyo kila mahali. Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache ilisababisha maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000 katika eneo la Mgeta. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp, walioyachunguza na kuchapisha matokeo yao mwaka 1972, walionesha kwamba karibu yote yalitokea katika mashamba na malisho, na machache mno ndani ya msitu. Udongo huo huishia mtoni. Kwa hiyo lolote linalosemwa hapa kuhusu kukinga chuma halichukui nafasi ya kuhifadhi miteremko: tabaka gumu hurefusha maisha ya panga la turbaini, lakini halizuii bwawa kujaa tope.

Upuliziaji wa tabaka kwa joto

Asili ya teknolojia hii ni Uswisi, mwanzoni mwa karne ya 20, ambako mvumbuzi Max Ulrich Schoop alibuni namna ya kuyeyusha metali na kuirusha kwa hewa juu ya kitu kingine. Tangu hapo zimezuka njia nyingi. Ipo ya mwali wa gesi, ambayo ni rahisi na hutumika hata kurudishia unene wa shafti iliyolika. Ipo ya cheche za umeme, ambapo nyaya mbili huyeyushana na hewa iliyoshindiliwa ikarusha matone. Hiyo hutumika sana kupaka zinki kwenye madaraja na matangi yaliyo karibu na bahari. Ipo ya plazma, ambayo kiini cha mwali wake huzidi nyuzi joto 10,000 za Selsiasi.

Kwa mchanga wa mtoni, inayopendelewa ni ile ya mwali wa kasi kubwa, iliyoanza kutumika viwandani mapema miaka ya 1980. Oksijeni na mafuta ya taa, au gesi, huchomwa ndani ya chumba kidogo kwa shinikizo kubwa. Moshi wa moto hutoka kwenye mdomo wa bomba kwa kasi inayozidi ile ya sauti, na unga unaoingizwa humo hupata joto na kurushwa kwa mamia ya mita kwa sekunde. Unga unaotumika zaidi ni kabidi ya tungsteni iliyoshikanishwa kwa kobalti na kromi. Chembe zake hugonga chuma, hutandazika kama chapati ndogo, na kupandana moja juu ya nyingine hadi tabaka lifikie unene wa sehemu ya kumi ya milimita moja, au mara mbili tatu ya hapo. Tabaka zuri lina ugumu wa Vickers unaozidi 1,000, yaani linakaribia au kuipita kwatsi yenyewe, na vitundu vyake havizidi asilimia moja au mbili.

Tabaka baya hufanana na zuri kwa macho. Joto likiwa dogo, chembe hazilainiki, nyingi hudunda na kupotea, na zile zinazonata huacha vitundu. Joto likizidi, kabidi hupoteza kaboni yake na kugeuka kuwa kitu kigumu lakini chenye kuvunjika kama kigae. Uso wa chuma usipopigwa vizuri kwa chembe kali kabla ya kazi ili ukwaruzike, au ukiachwa upate unyevu na mafuta ya mikono, tabaka zima hubanduka kama ganda. Hapo ndipo ugumu wa kazi ulipo. Kiasi cha oksijeni, kiasi cha mafuta, kasi ya kuingiza unga, umbali kati ya mdomo wa bomba na kazi, mwendo wa bomba juu ya uso: vyote vinaathiri matokeo, na vinaathiriana.

Tatizo la kubadili kigezo kimoja kimoja

Fundi mzuri anapotaka kuboresha kazi yake, kwa kawaida hushikilia vigezo vyote na kubadili kimoja. Akiona nafuu hubaki nacho, kisha huhamia kingine. Njia hii inaonekana ya busara, na watu wengi hufundishwa shuleni kwamba ndiyo ya kisayansi. Katika upuliziaji wa tabaka huweza kumpoteza kabisa.

Chukua mfano wa hesabu tu, wenye vigezo viwili: mafuta (kidogo au mengi) na umbali wa bomba (karibu au mbali). Tuseme mafuta kidogo kwa karibu hutoa ugumu wa 1,050. Mafuta mengi kwa karibu 1,000. Mafuta kidogo kwa mbali 900. Na mafuta mengi kwa mbali 1,150. Fundi anaanza na mafuta kidogo kwa karibu, anapata 1,050. Anaongeza mafuta, ugumu unashuka hadi 1,000, kwa hiyo anarudi alipoanza. Anasogeza bomba mbali, ugumu unashuka hadi 900, anarudi tena. Anahitimisha kwamba alianza mahali bora kuliko pote. Hakuwahi kufika kwenye 1,150, kwa sababu huko hufikiwa tu kwa kubadili vyote viwili kwa pamoja.

Hesabu ya majaribio yote manne inaeleza zaidi. Ukichukua wastani, kuongeza mafuta kunapandisha ugumu kwa 100. Kusogeza bomba, kwa wastani, hakubadilishi chochote: 1,025 kwa karibu na 1,025 kwa mbali. Anayesoma wastani huo peke yake angesema umbali hauna maana. Lakini mwingiliano wa vigezo viwili, yaani tofauti kati ya wastani wa pembe mbili zinazotazamana na wastani wa pembe mbili nyingine, ni 150, mkubwa kuliko athari ya kigezo chochote kikiwa peke yake. Maelezo yake ya kifizikia si magumu: mwali wenye nguvu huhitaji nafasi ili chembe zipate kasi bila kuunguza tabaka lililokwisha kupakwa, na mwali dhaifu ukiwa mbali hufika ukiwa umepoa.

Mtu anayepanda Uluguru katika ukungu anaweza kulielewa jambo hili bila takwimu. Akijiwekea sharti la kwenda kaskazini tu hadi njia ianze kushuka, kisha mashariki tu hadi ianze kushuka, atasimama kwenye mgongo wa mlima uliokaa mshazari akidhani amefika kileleni, hali Kimhandu, chenye kimo cha zaidi ya mita 2,600, bado kiko juu yake.

Elimu iliyotoka shambani

Dawa ya tatizo hilo haikubuniwa na watu wa metali. Mwaka 1919 Ronald Fisher alianza kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, ambako majaribio ya mbolea kwenye ngano yalikuwa yakiendelea tangu mwaka 1843 na takwimu zake zilikuwa zimerundikana. Mwaka 1926 alichapisha makala kuhusu mpangilio wa majaribio ya mashambani, na mwaka 1935 kitabu kizima kuhusu usanifu wa majaribio. Alisisitiza mambo matatu: kurudia, kupanga kwa nasibu, na kugawa katika makundi yanayofanana.

Morogoro ni mahali pazuri pa kuyaelewa, kwa kuwa ni elimu inayotumika kila msimu na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984 chini ya milima hiyohiyo, na wa kituo cha TARI Ilonga wilayani Kilosa. Mtafiti anayelinganisha mbegu nne za mahindi kwenye mteremko hapandi mbegu moja juu na nyingine bondeni, kwani bondeni udongo ni mzito na una rutuba zaidi. Hukata mteremko katika makundi yanayofuata kontua, na ndani ya kila kundi hupanda mbegu zote nne, mahali pa kila moja pakiamuliwa kwa kura.

Historia ya Uluguru ina somo la kinyume. Katika miaka ya 1950 utawala wa kikoloni ulilazimisha kilimo cha ngazi karibu kila mteremko wa Waluguru, kana kwamba udongo wote ni mmoja. Mahali pengi ngazi zilileta juu udongo usio na rutuba. Wakulima walipinga, na baada ya machafuko ya mwaka 1955 mpango ukaachwa. Lilikuwa suala la siasa na haki kabla ya kuwa la takwimu, lakini vitalu vichache vya majaribio katika aina mbalimbali za udongo vingeonesha mapema kile ambacho wakulima walikuwa wakikisema.

Katika karakana, mteremko una sura nyingine. Mdomo wa bomba hulika kadiri siku inavyokwenda. Majaribio yote ya mafuta mengi yakifanywa jioni, hakuna atakayejua kama matokeo yametokana na mafuta au na mdomo uliochakaa. Kura ya kupanga mfuatano huondoa utata huo. Unyevu wa hewa ya masika hufanya unga ushikane na kuingia bombani kwa mikupuo, kwa hiyo siku ya kazi huwa kundi, sawa na kipande cha kontua, na kila siku hubeba sehemu kamili ya majaribio. Vilevile kopo la unga: shehena mbili za kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana. Kuhusu kurudia, bila sampuli zilizorudiwa kwa mpangilio uleule hakuna namna ya kujua kama tofauti ya ugumu wa 50 ni habari au ni kelele za kipimo.

Kupunguza gharama

Vigezo vitano, kila kimoja katika viwango vitatu, hutoa michanganyiko 243. Hakuna karakana itakayoifanya yote. Kila sampuli hutaka unga ulioagizwa kutoka nje, oksijeni, kukata, kusugua hadi ing'ae na kuipima kwa hadubini. Hapa usanifu wa kitakwimu huonesha thamani yake hasa. Kwa kuanza na viwango viwili tu, vigezo vitano hutoa michanganyiko 32, na nusu yake iliyochaguliwa kwa kanuni, yaani majaribio 16, hutosha kukadiria athari ya kila kigezo na ya kila jozi ya vigezo. Mjapani Genichi Taguchi alieneza viwandani majedwali yanayobana vigezo vinne vya viwango vitatu katika majaribio tisa badala ya 81. Majedwali hayo yanapendwa kwa wepesi wake, lakini yana bei: jedwali la tisa haliwezi kutenganisha mwingiliano na athari za vigezo vyenyewe, na katika kazi hii, kama mfano wa hapo juu ulivyoonesha, mwingiliano ndio kiini cha jambo. Mwenye bajeti ya majaribio 16 afadhali ayatumie yote.

Baada ya kuchuja, hubaki vigezo viwili au vitatu vyenye uzito. Hapo hutumika njia iliyoasisiwa na George Box na K. B. Wilson mwaka 1951, ya kuchora uso wa matokeo kama ramani ya mlima na kuupanda kwa hatua. Vigezo vitatu huhitaji majaribio 15 hadi 20, yakiwemo kadhaa yanayorudiwa katikati ya ramani. Programu za kompyuta za bure, kama R, hufanya hesabu zote. Kazi inayobaki kwa binadamu ni kuamua nini kipimwe.

Uamuzi huo si wa kupuuzwa. Ugumu ni rahisi kupima na kwa hiyo hupimwa na kila mtu, lakini tabaka gumu kupita kiasi huweza kumeguka. Inafaa kupima pia vitundu, nguvu ya mshikamano, sehemu ya unga iliyonata, na zaidi ya yote kiasi cha tabaka kinachopotea linapopigwa na mkondo wenye mchanga. Kwa mtambo wa Ruvu, mchanga huo ungekuwa wa Ruvu, uliochotwa wakati wa masika, kwa kuwa umbo la chembe na kiasi cha kwatsi hutofautiana kati ya mto na mto. Matokeo yakikinzana, kama yanavyokinzana mara nyingi, huwekewa uzito kulingana na hasara halisi: saa za mtambo kuzimwa, bei ya unga, gharama ya kushusha gurudumu na kulipeleka karakana.

Usalama wa mafundi huingia katika mpango tangu mwanzo. Vumbi lenye kobalti ni hatari kwa mapafu, na kelele za mwali wa kasi huumiza masikio. Kazi hufanywa ndani ya chumba chenye kivuta vumbi, bomba likishikwa na mkono wa mashine. Mkono huo una faida ya kitakwimu pia, kwani haubadilishi umbali unapochoka.

Mwisho wa majaribio ya karakana, mpangilio uliochaguliwa hupakwa upya kwenye sampuli kadhaa kuthibitisha kwamba utabiri wa hesabu umetimia. Kisha tabaka huenda mtoni. Sehemu inayofaa kwa jaribio hilo ni milango midogo inayoongoza maji kuzunguka gurudumu la turbaini, ambayo haizunguki na shafti na hivyo haivurugi mizani ya mtambo. Hugawanywa katika jozi za jirani. Katika kila jozi, kura huamua upi upakwe na upi ubaki chuma kitupu. Yote hupata maji yaleyale, mchanga uleule na msimu uleule. Maji yanapopungua na mtambo kufungwa kwa matengenezo ya mwaka, unene wa kila mmoja hupimwa katika alama zilezile zilizopimwa kabla ya mvua, na tofauti ndani ya kila jozi huandikwa.